Nuru Kali na Retina: Hotuba kwa Mafundi wa Kuchomelea Vyuma wa Kisumu

Bwana Mwenyekiti, viongozi wa mafundi wa jua kali, walimu mlioitikia mwaliko, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuzima mashine zenu asubuhi ya leo ili tuzungumze kuhusu macho. Najua saa ya fundi ina thamani yake, na mteja aliyeahidiwa geti lake kufikia Ijumaa hatapokea udhuru kwamba fundi alikuwa mkutanoni.

Nilipoombwa kuja hapa, niliambiwa nizungumzie maumivu ya macho yanayowapata mafundi usiku baada ya kazi, yale yanayomfanya mtu ahisi kwamba ana mchanga chini ya kope. Nitayagusa. Hata hivyo, kwa idhini yenu, nitatumia sehemu kubwa ya muda wangu kueleza madhara mengine ambayo hayaumi hata kidogo, kwa sababu katika kazi yangu ya kutibu macho, hayo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Fundi anayeamka saa nane za usiku akibubujikwa na machozi, kwa kawaida atapona. Anayekuja kuniambia kwamba haumwi na chochote, ila kuna doa dogo lisilotoka katikati ya kila anachokitazama, huyo mara nyingi sina dawa ya kumpa.

Tofauti kati ya wagonjwa hao wawili inatokana na mahali nuru inapoishia ndani ya jicho. Mbele kabisa kuna konea, lile tabaka angavu tunaloweza kuligusa kwa kidole. Nyuma yake ipo mboni, yaani tundu jeusi linalopanuka gizani na kujikunja penye mwanga, kisha lenzi, na mwisho kabisa, ukutani mwa jicho kwa ndani, umetandazwa utando mwembamba unaoitwa retina, ambao unene wake ni takriban robo ya milimita. Cheche ya umeme mnayoifanyia kazi hutoa kwa pamoja miale ya urujuanimno ambayo haionekani, nuru nyeupe inayoonekana, na miale ya joto. Miale ya urujuanimno karibu yote hunaswa na konea na lenzi kabla ya kufika nyuma. Konea ina neva nyingi sana za maumivu, na ndiyo maana ikiungua humwadhibu mwenyewe vikali, ingawa maumivu huchelewa kwa saa 6 hadi 12, hivyo yule aliyefanya kazi mchana hulipia usiku. Seli za juu za konea hujizalisha upya kwa haraka, na katika siku moja au mbili jicho hurudi katika hali yake.

Wapo wanaojibandika vipande vya kiazi, na wapo wanaotia matone ya maziwa. Ubaridi wa kiazi juu ya kope zilizofumbwa hutuliza, sina ugomvi nao, lakini kinacholiponya jicho ni konea yenyewe. Maziwa nawaomba myaache kabisa, kwa kuwa jicho lililochubuka hupokea vijidudu kwa urahisi.

Kinachonisumbua ni funzo ambalo fundi hulipata kutokana na kupona huko. Akishaungua mara kadhaa na kupona kila mara, huamini kwamba jicho ni kiungo kinachovumilia, na kwamba asubuhi ambayo hakuamka na maumivu ni ushahidi kwamba jana hakuumia. Imani hiyo si kweli hata kidogo kwa upande wa retina. Nuru inayoonekana, pamoja na sehemu ya miale ya joto, hupita konea na lenzi bila kizuizi na kuishia kwenye retina, na retina haina neva za maumivu. Inaweza kuungua saa sita mchana, na mwenyewe akala chakula chake, akamaliza kazi, akalala usingizi mzuri.

Tuiangalie retina kwa karibu kidogo. Ndani yake mna aina mbili za seli zinazopokea nuru. Zile zinazotusaidia penye mwanga hafifu ni takriban milioni 120, na zile zinazotambua rangi na mambo madogo madogo ni kama milioni 6. Hizi za pili zimesongamana katikati, katika eneo liitwalo makula, na hasa katika kishimo chake ambacho kipenyo chake ni kama milimita moja na nusu. Kwa sehemu hiyo ndogo mtu husoma, hutunga uzi kwenye sindano, huona kama ncha ya elektrodi, ule ufito wa kuchomelea, imekaa sawasawa kwenye mwanya, na huitambua sura ya mwanawe akiwa ng'ambo ya barabara. Unapokikazia macho kitu chochote, sura yake huangukia hapo. Kwa hiyo anayeitazama cheche ya kuchomelea, au anayelitazama jua, hulenga nuru ile kwenye sehemu ambayo angependa kuipoteza mwisho kabisa.

Seli hizo, zikifa, hazizaliwi upya. Ninalisema hili polepole kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa.

Sasa nuru huziharibuje? Njia ya kwanza ni ile ambayo kila mtoto aliyecheza na kioo cha kukuza anaifahamu: ukikusanya miale ya jua kwenye nukta moja ya karatasi kavu, karatasi hutoa moshi. Lenzi na konea hufanya kazi hiyohiyo ndani ya jicho, na nyuma ya retina kuna safu ya seli nyeusi zenye melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, zinazofyonza nuru na kuigeuza joto. Joto la hapo likipanda kwa nyuzi 10 za selsiasi au zaidi kupita kiwango cha kawaida cha mwili, protini huharibika na jeraha huwa la papo hapo. Leza kali hujeruhi hivyo, na vilevile jua linalotazamwa kwa darubini ya kawaida. Leza zenye mpigo mfupi mno, za viwandani na za kijeshi, zina njia ya pili: hupasua tishu kwa mshtuko kabla hata joto halijasambaa. Hiyo haituhusu sana hapa Kibuye mjini Kisumu, na siendelei nayo.

Njia ya tatu ndiyo iliyochukua muda mrefu kugunduliwa, na ndiyo inayowahusu ninyi zaidi kuliko wote. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba kila jeraha la retina linalotokana na nuru ni jeraha la joto. Hesabu zilikataa. Sura ya jua kwenye retina ina upana wa kama milimita 0.16 tu, na mtu anayelitazama jua kwa macho matupu, mboni yake ikiwa imejikunja, hupandisha joto la hapo kwa nyuzi chache tu, pungufu ya zile zinazotosha kuunguza. Ilhali watu walikuwa wakiumia. Mwaka 1966 mtafiti Werner Noell, huko Buffalo nchini Marekani, alionyesha kwamba panya waliowekwa kwa saa nyingi chini ya taa za kawaida za mrija walipoteza seli zao za kupokea nuru, ingawa hapakuwa na joto la kumuunguza yeyote. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, William Ham na wenzake, akiwemo David Sliney, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yao kwa nyani: kadiri nuru ilivyoelekea upande wa buluu, ndivyo kiasi kidogo zaidi kilivyotosha kuleta jeraha. Hatari kubwa iko kwenye nuru ya urefu wa wimbi wa karibu nanomita 440, ambayo ni buluu iliyokolea.

Hili ni jeraha la kikemia. Retina ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote mwilini, na utando wa seli zake umejaa mafuta ambayo ni rahisi kuoza kwa oksijeni. Nuru kali ya buluu inapozigonga chembe za rangi zilizomo humo, ambazo nyingine hutokana na vitamini A ile ile inayotuwezesha kuona, huzaliwa oksijeni ya aina iliyochachamaa ambayo huanza kula mafuta na protini zilizo jirani. Mwili una namna yake ya kujirekebisha. Kila siku seli za kupokea nuru humega ncha zao zilizochakaa, nazo seli nyeusi za nyuma huzimeza, na katika muda wa kama siku 10 ncha yote huwa imefanywa upya. Ikiwa ni ncha tu iliyoharibika, mtu anaweza kupona, na wengine hupona kweli baada ya miezi 3 hadi 6. Ikiwa ni kiini cha seli, au ile safu nyeusi inayoihudumia, hakuna kinachoota mahali pake.

Mambo mawili kuhusu jeraha hili la kikemia yanafaa kukaa akilini mwa kila fundi. La kwanza ni kwamba hujumlishwa. Sekunde moja ya asubuhi, mbili za saa nne, na nyingine za alasiri huingia kwenye hesabu moja ya siku, kwa sababu jicho halijapata muda wa kujirekebisha kati yake. Waliopima ukali wa nuru ya buluu inayotoka kwenye cheche ya umeme wamekuta kwamba muda ambao mtu anaweza kuitazama bila kinga, kwa siku nzima, huhesabiwa kwa sekunde tu. La pili ni kwamba jeraha halijitokezi mara moja. Huonekana baada ya saa kadhaa, na pengine siku moja au mbili. Fundi hawezi kulihusisha doa la Alhamisi na pachi, yaani nukta ya kushikiza chuma, aliyoichomelea Jumanne.

Sasa niseme ninachokiona mimi mwenyewe nikipita kwenye vibanda vyenu. Fundi huinama juu ya chuma, ngao ya uso akiwa ameishika mkononi au ameiegemeza kwenye goti, kwa sababu kupitia kioo cheusi hawezi kuona pa kuanzia. Hulenga ncha ya elektrodi kwa macho matupu, hufumba jicho moja, huigusisha, cheche hulipuka, ndipo huinua ngao. Mlipuko ule wa kwanza ameshaupokea. Kwa pachi ndogo ndogo, zile za kushikiza pembe za fremu ya dirisha kabla ya kuichomelea sawasawa, wengi hawainui ngao kabisa. Hugeuza uso kidogo na kukunja kope. Dirisha moja lina pachi ngapi? Na siku moja ina madirisha mangapi? Nawaachia hesabu hiyo ninyi wenyewe.

Kando ya fundi yupo kijana anayeshikilia chuma kisisogee. Huyo hana ngao, na amekaa karibu na cheche kuliko mtu mwingine yeyote. Mara nyingi ni mwanafunzi aliye likizoni au mpwa aliyeletwa mjini kujifunza kazi, na lenzi ya jicho lake changa hupitisha nuru ya buluu na hata miale ya urujuanimno zaidi kuliko lenzi ya mtu mzima. Ikiwa kuna ngao moja tu kibandani, kwa maoni yangu kibanda hicho hakijakamilika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga, na kijana wa kushika chuma ni mfanyakazi hata kama malipo yake ni chakula cha mchana na nauli.

Niliulizwa mlangoni kuhusu miwani ya jua, ile myeusi inayouzwa barabarani, kwamba je, haisaidii hata kidogo? Tuzitazame namba. Miwani ya jua iliyo nzuri hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya nuru. Kioo cha kuchomelea namba 10 hupitisha takriban asilimia 0.014, yaani karibu mara elfu moja pungufu. Kioo namba 5, ambacho ni cha kazi ya gesi, hupitisha karibu asilimia 2, na kukitumia kwa kazi ya umeme ni kujidanganya. Kwa uchomeleaji wa umeme wa kawaida unahitaji namba 10 hadi 13 kulingana na nguvu ya mkondo, na kila namba unayoipanda hupunguza nuru karibu mara tatu. Namba hiyo huandikwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kisicho na namba msikinunue, hata kama ni cheusi kama usiku, kwa sababu weusi unaoonekana kwa macho hautuambii lolote kuhusu miale isiyoonekana. Zaidi ya hayo, miwani nyeusi hafifu hulihadaa jicho: mboni hupanuka kwa kuwa imekuwa nyuma ya kivuli, halafu nuru inayopenya huingia kupitia tundu lililo wazi zaidi.

Ngao za kisasa zinazojitia giza zenyewe cheche inapowaka zinaondoa ile shida ya kutoona pa kuanzia. Ni ghali, najua. Vikundi vyenu vya kuchangishana vimenunua mashine za kuchomelea kwa zamu, na sioni kwa nini ngao isiwe kwenye orodha hiyohiyo.

Nimegeukia sasa walimu, kwa kuwa suala la jua lenyewe linawahusu zaidi. Hapa Kisumu tupo karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua letu la mchana liko juu sana na kali sana kiasi kwamba hakuna anayelitazama kwa hiari. Kope hujifunga zenyewe. Hatari huja siku ya kupatwa kwa jua. Wengi mnakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, jioni, jua likielekea kuzama upande wa ziwa, sehemu yake kubwa ilipofunikwa na mwezi. Kule Turkana lilifunikwa lote kwa sekunde chache. Siku kama hiyo mwanga wa jumla hupungua, mboni hupanuka, na ile karaha inayotufanya tugeuze uso hutoweka. Lakini ule ukingo mwembamba wa jua uliobaki una ukali uleule kwa kila sehemu yake kama jua zima. Mtu huweza kuukazia macho kwa nusu dakika akidhani jua limedhoofika.

Mwaka 2017, baada ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 21 Agosti huko Marekani, madaktari wa New York walimchunguza mwanamke kijana aliyekuwa amelitazama jua kwa macho matupu kwa sekunde chache, mara kadhaa. Walipopiga picha za retina yake kwa mashine inayoonyesha seli moja moja, walikuta jeraha lenye umbo la mwezi mwandamo, umbo lilelile jua lililokuwa nalo alipolitazama. Uingereza nako, baada ya tukio la tarehe 11 Agosti 1999, hospitali ya Leicester ilipokea watu waliolalamikia macho yao. Wengi walipata nafuu, lakini wapo waliokuwa bado wanaliona doa miezi saba baadaye.

Kwetu watu wengi hutazama kupatwa kwa jua ndani ya beseni la maji, na wazee walifundishwa hivyo kwa nia njema. Maji yaliyotulia, jua likiwa juu, hurudisha kama asilimia 2 ya nuru. Miwani maalumu ya kutazamia jua hairuhusiwi kupitisha zaidi ya asilimia 0.0032. Beseni basi huliletea jicho nuru zaidi ya mara 600 ya kiwango hicho, na jua likiwa chini, kama lilivyokuwa jioni ile ya 2013, maji hurudisha nyingi zaidi. Filamu za eksirei, diski za muziki na vioo vilivyofukizwa moshi wa koroboi vina kasoro nyingine: hufifisha nuru inayoonekana na kuacha miale ya joto ipite. Kioo cha kuchomelea namba 14 kinafaa, na namba 12 ndiyo ya chini kabisa ninayoweza kuikubali. Namba 10 ya kazi zenu za kila siku haitoshi kwa jua.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kaskazini mwa Afrika, na huko Luxor nchini Misri giza litadumu zaidi ya dakika 6. Kwetu Kenya litafunikwa sehemu tu, mchana, katika mwezi ambao kwa kawaida watoto huwa nyumbani kwa likizo. Walimu, waambieni kabla hawajafunga shule. Waonyesheni pia namna ya kulifurahia bila hatari: toboeni tundu dogo kwenye kadi, mlipe jua mgongo, na mwache nuru ipite kwenye tundu hadi kwenye karatasi nyeupe, ambapo mtaliona jua dogo lililomegwa. Chini ya mwembe wenye majani mengi hutahitaji hata kadi. Ardhi yote itajaa vijimwezi, kwa kuwa kila mwanya kati ya majani hufanya kazi ya tundu.

Kuhusu leza za mkononi, zile kalamu za mwanga wa kijani ambazo watoto huuziwa kama vitu vya kuchezea, ombi langu ni kwamba wazazi wazichukue. Leza ya mwalimu ya kuonyeshea ubaoni huwa chini ya miliwati 1, na kupepesa kwa jicho, ambako huchukua kama robo ya sekunde, kunatosha kutulinda. Nyingi za zile zinazochuuzwa zina nguvu zaidi ya ilivyoandikwa kwenye karatasi yake, na mwali wa leza ukiingia kwenye mboni hukusanywa kwenye nukta ndogo kiasi kwamba ukali wake kwa eneo huongezeka mara 100,000 hivi. Madaktari katika nchi mbalimbali wamewaona watoto wenye mashimo kwenye makula baada ya mchezo wa aina hiyo.

Simu je? Swali hili sikosi kuulizwa, na jibu langu huwashangaza wengi. Nuru ya simu, hata ikiwa na buluu ndani yake, ni hafifu mno ikilinganishwa na jua au cheche, na hakuna ushahidi kwamba inaharibu retina ya mtu. Macho huchoka kwa sababu tunapotazama skrini tunapepesa mara chache na kukazia karibu kwa muda mrefu. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaolinganisha tafiti za tiba, ulikuta kwamba miwani ya kuzuia buluu huenda haipunguzi uchovu huo. Ikiwa una pesa za kinga moja tu ya macho mwaka huu, usizipeleke huko; nunua kioo cha ngao.

Wavuvi wetu wa Dunga, wanaoshinda kwenye mng'ao wa ziwa, wana matatizo yao halisi, kama ile nyama inayoota kuelekea konea, na mtoto wa jicho, ambayo miale ya urujuanimno huchangia. Hayo yako mbele ya jicho na mengi yana upasuaji wake. Kwao kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua iliyo bora zinafaa kweli.

Nisiache pia kusema kwamba nuru ileile hutumika kuponya. Daktari Mjerumani, Gerhard Meyer-Schwickerath, aliona majeraha ya retina kwa watu waliotazama kupatwa kwa jua kwa tarehe 9 Julai 1945, na akajiuliza kama jeraha dogo lililopimwa vizuri lingeweza kuziba retina iliyochanika. Kufikia mwaka 1949 alikuwa ameanza kuwatibu watu kwa nuru. Leza ilipovumbuliwa mwaka 1960 kazi hiyo ikawa sahihi zaidi, na leo wagonjwa wa kisukari hupigwa leza pembeni mwa retina ili kuzuia mishipa mibovu isivuje damu. Ukiambiwa na daktari kwamba mama yako anahitaji leza ya macho, usiogope kwa sababu ya niliyoyasema leo. Daktari huyo anajua anapolenga, na halengi katikati.

Namaliza na mambo ya kufanya. Mkirudi nyumbani, chukueni daftari la hesabu la miraba, mtie nukta katikati ya ukurasa, mlishike kwa umbali wa kusomea, mfunike jicho moja na kuikazia nukta kwa jingine, kisha mbadilishe. Ikiwa mistari karibu na nukta imepinda, imekatika, au kuna kijidoa cha kijivu kinachofuata macho yako popote yanapokwenda, hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa hata kama huumwi. Kijana mmoja aliyenijia, fundi hodari, aligundua tatizo lake alipokuwa akisoma ujumbe kwenye simu: kila alipokazia macho neno, herufi ya katikati haikuwepo, ila zile za pembeni alikuwa akiziona. Jicho lake la pili lilikuwa likimsaidia kwa muda mrefu bila yeye kujua, na ndiyo maana nasisitiza kufunika jicho moja moja.

Hapa mjini nendeni kwenye kitengo cha macho katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado mnaiita Russia, au mwende Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga. Mwelezeni daktari kazi mnayofanya kabla hajawauliza, kwa sababu doa la cheche ni dogo na ni rahisi kulipita asiyelitafuta. Hatuna dawa iliyothibitishwa ya kulifuta, lakini anaweza kupima ukubwa wake, kufuatilia kama linapungua, na kuhakikisha kwamba si ugonjwa mwingine wenye tiba.

Nimeona baadhi yenu mmekuja na ngao zenu. Nitakaa kwenye meza hii ya mbele hadi wa mwisho aondoke. Zileteni tusome namba za vioo pamoja, tukianza na za wale vijana wanaoshika chuma.